Mume Wangu Si Mlevi

Lea binti Samweli alizaliwa na mdomo wake, na wote waliojaribu kuufunga walichoka wao. Huko milimani juu ya Kilosa mwalimu wa misheni alimchapa kwa kujibu, kasisi akamcheleweshea kipaimara kwa kuuliza, na mama yake akamwambia kwa mdomo huo hatapata mume. Akampata. Akampata Melkizedek, kijana mpole aliyesema maneno kumi kwa siku, na yaliyobaki akamwachia mkewe. Walifunga ndoa mwaka wa hamsini na tisa. Bendera ya Uhuru ilipopanda, Lea alicheza ngoma na Anastazia, mtoto wao wa kwanza, akiwa mgongoni. Na mwaka wa sabini na nne, Operesheni ya vijiji ilipowashusha bondeni, walishuka na watoto wanne, kuku kumi na mmoja, na mlango wa nyumba yao. Ndiyo, mlango. Lea aliung'oa akajitwika kichwani, kwa sababu ulikuwa wa mninga na hakuwa tayari kuwaachia nyani.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, nyumba zimepangwa mistari miwili. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Cleopa, naye Msagara wa milimani kama wao. Cleopa hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alilima pamoja na watu, hakula cha mtu. Ila alikuwa na ugonjwa wa viongozi wengi: alijua kila kitu. Mvua itanyesha lini, Cleopa anajua. Ng'ombe wa Wamang'ati wanaharisha nini, Cleopa anajua. Hakuna aliyewahi kumsikia akijibu swali kwa kusema hana jibu.

Shamba la ujamaa lilitakiwa mistari iliyonyooka, na Melkizedek ndiye aliyekuwa mtu wa kamba. Alichomeka kijiti upande mmoja, akarudi kinyumenyume huku akiiachia kamba taratibu, macho kwenye kijiti, mpaka mwisho wa shamba. Kisha watu mia mbili wakapanda pamba kwa kuifuata kamba yake. Bwana shamba alipokuja alisema mistari ile hata ukiitazama kutoka kwenye ndege haina kosa. Siku hiyo Lea alitembea kijijini amevimba kichwa, na hakuficha fahari yake.

Basi asubuhi moja ya mwaka wa sabini na tano, Melkizedek akiwa na kamba yake, akarudi hatua tano akaanguka chali. Watu wakacheka, naye akacheka. Akainuka, akarudi tena, akaanguka tena. Siku ya pili akaanguka mara nne. Kufikia wiki ya tatu, kamba akapewa mtu mwingine, na mistari ikaenda kama njia ya mbuzi. Watu wakaanza kusema yaliyokuwa moyoni mwao: huyu mzee wa kanisa kumbe anapitia kwa wapika pombe ya kangara kabla jogoo hajawika.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya kuliko walivyojua wao. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lea alimwona mumewe akitembea huku ameshika ukuta. Alimwona akinawa uso asubuhi, na alipofumba macho kuikimbia sabuni, akaliangukia karai. Na siku moja akarudi kutoka mtoni mguu mmoja umevaa katambuga, mwingine uko peku na damu inachuruzika.

"Baba Anastazia, kiatu chako kiko wapi?"

Melkizedek akautazama mguu. Kulikuwa na mwiba umezama kwenye unyayo, mrefu kama kidole. Akashangaa kama anautazama mguu wa jirani.

"Kumbe," akasema. Basi, hilo tu.

Lea akauchomoa mwiba ule kwa meno, na mumewe hakushtuka hata kidogo. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mwanamume aliyekuwa akipiga kelele akichomwa na kibanzi cha kuni, leo anachomolewa mwiba naye anauliza kama ugali uko tayari!

Sasa litasemwa lile ambalo Lea mwenyewe hakupenda lisemwe, lakini ukweli haufichiki. Naye alimshuku. Mchana mmoja Melkizedek alikuwa amejilaza kwenye mkeka, na Lea akapiga magoti, akainamisha pua mpaka karibu na mdomo wake, akamnusa. Harufu ya muhogo wa kuchoma tu. Akanusa tena. Mume akafumbua macho.

"Mama Anastazia," akasema. "Na wewe?"

Hakukasirika. Lea alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akalia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka kumi na sita amelala na mtu huyu, halafu anamnusa kama mgambo! Alipopangusa uso alikuwa amekwisha kata shauri. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote atakayemwita mumewe mlevi atapigana na yeye kwanza.

Wa kwanza alikuwa mganga wa zahanati. Alimtazama Melkizedek akiingia kwa kuyumba, hakumgusa, hakumuuliza kitu. Akampa aspirini sita.

"Apunguze," akasema.

"Apunguze nini?" Lea akauliza.

"Anajua mwenyewe."

"Anajua mwenyewe nini? Kama anajua, amekuja kwako kufuata nini? Umemgusa? Umempima? Macho yako ndiyo hospitali?"

Walitolewa nje.

Wa pili alikuwa wifi yake, Teresia, dada mkubwa wa Melkizedek. Yeye hakuamini habari ya pombe. Aliamini limbwata. Alisema kaka yake hakuwa hivi kabla Lea hajampikia kitu, na wanawake wenye mdomo wote wana mkono.

"Wifi," Lea akamjibu, "limbwata humtuliza mume nyumbani. Halimtumbukizi kwenye karai. Kama ningejua kuroga, ningeanza na wewe, na ulimi wako ungekuwa umevimba tangu mwaka jana." Teresia akasusa kuja kwao kwa mwezi mzima, na Lea akapumzika.

Wa tatu ndiye aliyekuwa mzito. Kijiji kilikuwa na gari moja, lori la kupeleka pamba Kilosa, na dereva hakumbeba mtu bila kauli ya mwenyekiti. Lea alikwenda kwa Ndugu Cleopa asubuhi, akapiga goti kidogo kama ipasavyo.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Anastazia."

"Naomba gari. Mume wangu aende hospitali ya wilaya. Miguu imekufa ganzi."

Cleopa akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua. "Mama, mimi ninajua ugonjwa wa Melkizedek. Baba yangu mdogo alikuwa nao. Unaanza na kibuyu kimoja. Gari la kijiji halibebi walevi. Tena nikuambie mapema usije ukashtuka: Jumamosi jina lake litasomwa mkutanoni pamoja na wazembe wengine, kisha majina yatapelekwa kwenye kata. Watapangiwa kuchimba barabara."

"Achimbe barabara? Mtu asiyeweza kunawa uso?"

"Kazi itamtoa pombe."

Lea alirudi nyumbani. Aliogopa, na aliyesema Lea haogopi hakumjua. Aliogopa kwamba ganzi ile ingepanda kiunoni, kisha kifuani, mpaka siku moja mumewe asahau kupumua. Lakini zaidi ya kifo aliogopa kitu kimoja: kwamba Melkizedek atakufa akiitwa mlevi, azikwe hivyo, na watoto wake waitwe hivyo. Na kutoka siku ile mpaka Jumamosi zilibaki siku nne.

Sasa, pale kijijini alikuwapo mtu mmoja anaitwa Oswald, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja kukata mkonge kabla ya Uhuru, mkonge ukapungua, yeye akabaki. Na Mnyamwezi kwa Msagara ni mtani, tangu zama za misafara ya wapagazi iliyopita bonde hili. Oswald aliweza kuingia nyumba yoyote ya Msagara, akafunua chungu, akala, akaondoka na mwiko. Msibani aliweza kujilaza jeneza linakopita akadai kuku kabla maiti haijapita. Alituita sote mateka wa babu yake. Na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ukimkasirikia mtani, umejiaibisha wewe, na utatozwa kuku mbele za watu. Kipaji chake kikubwa kilikuwa kuiga. Aliiga kasisi, akaiga bwana shamba, akaiga mbuzi anayejifungua.

Jumatano Lea alikwenda bombani kuchota maji, akasikia wanawake wanacheka mpaka wameshika mbavu. Akasogea. Oswald alikuwa katikati yao, anatembea kwa kuinua magoti, nyayo anazipiga chini pu, pu, mikono ameitawanya. Alikuwa Melkizedek mtupu.

Lea akainua ndoo.

"Kasirika uone!" Oswald akapiga kelele, akirudi nyuma. "Kasirika, mateka wangu! Utalipa kuku!"

"Nitalipa jogoo na mayai yake! Sogea hapa!"

"Ngoja kwanza, mtani. Ngoja. Weka ndoo chini nikuambie kitu." Na sura ya Oswald ikabadilika, mzaha ukamtoka. "Mumeo amenishinda."

"Amekushinda nini?"

"Kumwiga. Walevi nimewaiga tangu sijaota ndevu, ni kazi ya dakika moja. Mlevi hulegeza shingo, huangalia mbele, miguu yake hana habari nayo kabisa. Nilidhani mumeo ni huyo huyo. Siku tatu najaribu, sipati. Kila nikiinua macho, naacha kuwa yeye. Mpaka jana nikagundua. Mumeo haangalii anakokwenda, Lea. Anaiangalia miguu yake, hatua kwa hatua, kama mama anavyomwangalia mtoto aliye karibu na moto. Sijapata kuona mlevi wa namna hiyo."

Wanawake walikuwa bado wanacheka. Lea hakuwasikia. Alikuwa anaona kamba: mtu anarudi kinyumenyume, macho kwenye kijiti. Aliona karai na sabuni. Aliona kanisani, kasisi akisema tufumbe macho tuombe, na Melkizedek akilishika benchi kwa mikono miwili. Mwezi mzima alikuwa na mambo haya mbele yake, akidhani ni mambo mengi. Kumbe lilikuwa jambo moja.

"Haijui ilipo," akasema polepole. "Miguu yake. Haijui ilipo mpaka aione."

"Mimi sijui mambo ya ndani," Oswald akasema. "Mimi najua kuiga tu."

"Jumamosi utaiga tena," Lea akasema. "Mbele ya Cleopa."

Oswald akamtazama, meno yakaanza kuonekana. "Kwa kuku?"

"Kwa kuku wawili, mwizi wewe!"

Jumamosi saa nne asubuhi watu walikusanyika mbele ya ghala. Cleopa akasema "Uhuru!", watu wakaitikia "Na kazi!", na majina yakaanza kusomwa. La Melkizedek lilikuwa la nne. Alikuwa amekaa kwenye gogo, kichwa chini, na Anastazia, sasa binti mkubwa, amesimama nyuma yake amekunja uso kama mama yake.

Kabla jina la tano halijasomwa, Oswald akaingia uwanjani.

"Ndugu Mwenyekiti, mateka wa babu yangu! Umekosea. Ulevi ni ufundi, huwezi kuusoma kwenye karatasi. Ngoja nikufundishe!" Akalewa pale pale, shingo imelegea, anamkumbatia mgambo. Vicheko. Kisha akamwiga Cleopa mwenyewe, kidole hewani, anajua mvua, anajua ng'ombe, anajua wanawake wanaficha wapi chumvi. Watu wakalala chini kwa kucheka, na Cleopa, afanyeje? Mtani ni mtani. Akacheka kwa meno ya mbele tu.

Kisha Oswald akamwiga Melkizedek. Vicheko vikaendelea kidogo, vikapungua, vikaisha. Baada ya kumwona yule mlevi wa kwanza, kila mtu aliona kwamba huyu ni mtu wa namna nyingine. Huyu alikuwa anahangaika.

Lea akasimama. Wanawake wa siku zile walikuwa wakisimama mkutanoni kuitikia kaulimbiu, basi. Yeye akaenda mpaka kwenye gogo, akamwinamia mumewe.

"Baba Anastazia, nataka kukuaibisha. Unaniruhusu?"

Melkizedek akamtazama. "Fanya, mama," akasema.

Akamsimamisha, miguu pamoja. Akavua kanga ya begani, akamfunga machoni. Hata hakuwahi kukaza fundo. Melkizedek aliyumba mara moja akaenda chini mzima mzima, kama mti uliokatwa, na kama Oswald asingekuwa nyuma yake angepasuka kichwa. Watu wakaguta "Yesu!" na "Allah!" kwa pamoja.

"Nimemnywesha nini hapo?" Lea akauliza, sauti imempanda. "Kanga? Nimemnywesha kanga? Njoo wewe, Ndugu Mwenyekiti, nikufunge na wewe!"

"Mama Anastazia, hapa ni mkutano wa..."

"Njoo! Au unaogopa kitambaa?"

Watu wakasema njoo, njoo. Cleopa akaja. Akafungwa. Akasimama pale kama nguzo ya ghala, amefumbwa macho, hatikisiki, na kwa kusimama wima kwake akawa amemshuhudia Melkizedek bila kufungua mdomo.

"Mkuki kwa nguruwe!" Lea akasema. "Mume wangu si mlevi. Mume wangu ni mgonjwa. Mwezi mzima mnamcheka mgonjwa, na mimi mkewe nilimnusa. Ndiyo, nilimnusa, na Mungu anisamehe. Sasa ninataka gari."

Cleopa alijifungua kanga mwenyewe. Aliikunja vizuri, akamrudishia. "Gari litaondoka Jumatatu," akasema.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na daktari kijana, koti limemzidi. Alimgonga Melkizedek magoti kwa kinyundo, magoti hayakujibu. Akamchoma nyayo kwa pini, Melkizedek akauliza ataanza lini. Akamsimamisha, akamwambia afumbe macho, akamdaka. Lea akasema hilo wamekwisha lifanya wao, na daktari akauliza ni nani aliyewafundisha. "Mnyamwezi," Lea akasema.

Walipelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam, wakakaa wiki sita. Damu ilitolewa, maji ya uti wa mgongo yakatolewa, wakubwa wenye miwani wakaja kwa makundi. Walipewa vidonge vya vitamini. Mwisho wakarudishwa kwa daktari yule yule wa Kilosa na barua ndefu, naye akamweka Lea kwenye kiti.

"Mama, mishipa inayopeleka habari kutoka miguuni kwenda kichwani inakufa. Si pombe. Si kaswende. Si kitu chochote walichokitafuta."

"Ni nini basi?"

"Hatujui."

"Wewe umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa, halafu hujui!"

"Sijui, mama," daktari akasema, akamtazama machoni. "Ningeweza kukupa jina la Kizungu ukaondoka umeridhika. Ningekuwa nimekudanganya."

 Lea akauliza lile alilokuwa analiogopa. "Itapanda?"

"Huenda. Huenda isipande. Hilo pia sijui."

Njiani kurudi alimwambia mumewe yote, hakumficha neno, kwa kuwa miguu ilikuwa ya Melkizedek. Melkizedek akasikiliza, akatazama minazi ya Kilosa inavyopita. Akasema, "Bora nijue kwamba hakuna anayejua." Hayo yalikuwa maneno yake yote mpaka wanafika.

Jumamosi iliyofuata kukawa na mkutano. Cleopa alitaka kutengeneza mambo, na tumpe haki yake, alitaka kwa moyo. Alisimama, akasafisha koo, akasema Ndugu Melkizedek amerudi, na kwamba yeye kama mwenyekiti amekwisha elewa, ugonjwa huu ni wa damu kuwa nzito, unatokana na kuhama kutoka baridi ya milimani kuja joto la bondeni, yeye anaujua...

"Hapana!" Lea akasema kutoka nyuma.

Watu wakageuka.

"Ndugu Mwenyekiti, nimekupa shikamoo yako, na nitaendelea kukupa. Lakini hutampa mume wangu jina la pili. La kwanza ulimpa hukulijua, na almanusura umchimbishe barabara. Wenye miwani Dar wamesema hawajui. Daktari wa Kilosa amesema hajui. Mimi nalala naye kitanda kimoja, sijui. Wewe umejua lini? Sema hujui."

"Mama Anastazia..."

"Ni neno dogo. Haliumi. Sema."

Oswald, alipokuwa amekaa, alifungua mdomo aseme utani wake, akaufunga. Cleopa alikunja karatasi yake mara mbili, mara nne. Alitazama barabarani kama anasubiri gari lije limwokoe. Kisha akamtazama Melkizedek.

"Ndugu Melkizedek," akasema. "Sijui. Sijui unaumwa nini. Na siku ile pia sikujua."

 Melkizedek akajiinua kwenye gogo, mikono magotini, macho miguuni.

"Asante," akasema. "Jumatatu nileteeni majembe yaliyolegea. Nitayatia mipini. Kazi ya kukaa naiweza."

Mkutano ukaisha, ikawa saa sita, jua la utosi. Watu walibaki wamesimama pande zote mbili za barabara, na kutoka ghalani mpaka kwao ni mwendo wa nyumba ishirini. Kwa desturi ya kwetu mume hutangulia na mke hufuata nyuma, na mke na mume kushikana mikono barabarani ni jambo la kutia aibu, wakubwa hugeuza uso. Melkizedek akaanza kujivuta pembeni, kwenye kuta za nyumba, alikokuwa akipita miezi yote ile.

"Wapi huko?" Lea akamwambia. "Pita hapa katikati."

"Watu wanatazama, mama."

"Watazame!" Akamshika mkono, vidole ndani ya vidole, akaukaza. "Wewe angalia miguu. Njia nitakuangalizia mimi."